Vidonge Ulivyovikata Pembe

Kwako dada Mkawasi,

Habari za Voi? Natumaini goti la Mama limepungua kufura na mvua imefika shambani. Wewe sikuulizi hali. Ningekupigia simu, lakini ukipigiwa unacheka, kisha unamkatiza mtu maneno. Karatasi haikatizwi, kwa hiyo keti usome mpaka mwisho.

Unakumbuka nilivyokulalamikia chunusi. Tangu Omondi anioe na kunileta huku Asembo Bay, mashavu yangu yaliumuka, na wanawake ninaoanika nao omena, dagaa wa ziwani, wakawa wananitazama kwa huruma. Wewe mwenye duka la vipodozi ukasema dawa unayo, tena ya kumeza, si ya kupaka. Ukanitumia vidonge vimefungwa kwenye kipande cha leso, bila boksi wala maelezo. Kila karatasi ya vidonge ilikuwa imekatwa pembe moja kwa mkasi. Nilidhani ulikuwa unataka vitoshe kwenye mfuko.

Basi nikameza. Wiki ya tatu midomo ikapasuka hadi damu, macho yakawasha kama yameingia mchanga, na siku moja pua ikavuja damu nikigeuza omena juani. Chunusi zilipungua, sikatai. Mama mkwe wangu alipoona ile midomo akaamua nimeishiwa mafuta mwilini. Huku samaki mbuta akipasuliwa, mafuta yake hukaangwa yakachujwa, na huyo mama hakosi chupa yake.

"Nyar Taita," aliniita, maana huku mke huitwa kwa jina la kwao, "mwili yako imekauka kabisa. Kunywa hii. Na hii maini ya samaki maliza yote, usiniachie."

Kila siku mafuta, maini, na juu yake kidonge chako. Mtu ananilisha kwa mapenzi, ningekataaje?

Kichwa kilipoanza kuuma bila kuacha nilienda kliniki Kisumu mjini. Daktari akanitoa damu, akabaki na vidonge nilivyokuwa nikimeza, akaniambia nirudi kesho yake. Niliporudi alikuwa ameshika vidonge vyako.

"Nani alikupa hii?"

"Dada yangu."

"Ni daktari?"

"Anauza vipodozi."

Nilitamani ardhi inimeze, Mkawasi. Akaniuliza na ninachokula, nikamtajia vya mama mkwe, ndipo akanieleza polepole: "Hii dawa ni ndugu ya vitamini A. Zile tezi zinatoa mafuta kwa ngozi, inazifanya zinakuwa ndogo, seli zake zingine zinakufa. Ndiyo maana chunusi inaisha. Lakini haichagui uso peke yake. Mdomo, macho, pua, yote inakauka. Ini ndiyo inapata kazi ya kuivunja, na mafuta kwa damu inapanda. Sasa wewe unaongeza mafuta ya mbuta, inafanya dawa iingie zaidi. Na maini iko na vitamini A ingine!"

Damu yangu ilikuwa imejaa mafuta kupita kiasi, na ini limelemewa. Alisema dawa yenyewe si sumu, yeye pia huwapa wagonjwa, ila huwapima kwanza na kuwafuatilia. Kisha akauliza, "Mama, uko na mimba?"

Nikamwambia tunatafuta, na siku zangu zimechelewa. Akaweka kalamu chini.

"Wiki za kwanza seli za mtoto ndiyo zinajipanga. Hapa kichwa, hapa moyo. Hii dawa inavuruga hiyo mpango yote. Si kuna picha ya mama mjamzito imepigwa mstari? Hata kwa karatasi ya vidonge huwa iko, hapa kwa kona."

Akaniwekea kidole palipokatwa.

Ulichukua mkasi, Mkawasi! Ulijua nikiiona ile picha sitameza. Na wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia siku zimechelewa, hata kabla ya Omondi, ukanijibu niendelee tu, uso utakate.

Vidonge nimeacha. Daktari amesema tungoje mwezi mzima kabla ya kutafuta mtoto tena, na damu nirudi kupimwa.

Nisalimie Mama na mjomba Mwakio. Msalimie pia shangazi Mghoi, na umwambie binti yake asimeze chochote kutoka kabati lako. Usipomwambia, nitamwambia mimi. Mama mkwe anakusalimu. Sijamweleza, kwa hiyo bado anadhani wewe ni mtu mwema.

Yangu kwako ni haya tu. Miaka miwili nimemwomba Mungu anipe mtoto. Siku ile, kwenye choo cha kliniki, nimeshika kipimo cha mimba alichonipa daktari, nilimwomba asinipe. Ukatoka mstari mmoja. Nikapiga magoti pale sakafuni nikamshukuru, kisha nikalia mpaka muuguzi akaja kugonga mlango.

Mdogo wako, kwa damu tu,

Wakesho