Siku Mia Bila Ajali

Jumatatu, 3 Machi

Vidonge sita. Uji wa ulezi bila sukari. Miguu juu ya mto. Neema kabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, shimo likabaki. Akaguna kama fundi aliyefungua injini mbovu. Ni binti yangu, ana haki ya kuguna.

Mchana mke wa Shija alikuja kuniona, kaleta mapapai. Shija alikuwa mtu wa mashine ya kuchuna ngozi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki nilikokuwa afisa usalama. Mashine ilimkata vidole vinne vya mkono wa kulia. Miaka tisa sasa. Mama wa watu kaniambia, bila kumlaumu mtu, kwamba dai lao la fidia limekataliwa. Barua inasema kwa mujibu wa kumbukumbu za mwajiri ajali haikutokea kazini.

Kumbukumbu hizo niliziandika mimi.

Nikamwambia mapapai ni mazuri. Basi. Hayo tu ndiyo niliyoweza kusema. Hovyo kabisa.

Jumatano, 5 Machi

Padri kaja kunipaka majivu nyumbani. Nikaungama. Kitubio: rozari moja. Rozari moja kwa vidole vinne! Nikamuuliza kama inatosha. Akasema huruma ya Mungu ni kubwa, akatazama saa.

Kwa kuwa yeye kayapokea kwa wepesi, nayaandika hapa.

Langoni kulikuwa na ubao: SIKU ___ BILA AJALI. Namba nilikuwa naandika mimi, kwa chaki, kila asubuhi. Zikifika mia, uongozi unachinja ng'ombe. Watu wanaoshinda na sangara mpaka jasho linanuka sangara, waahidi nyama ya ng'ombe uone. Hatukuwahi kufika. Kila tukikaribia themanini mtu anaumia, tunaanza upya. Mwisho wakajifunza kuficha. Mtu akijikata kisu anafunga kitambaa, anaendelea. Niliona. Sikuandika.

Kinga ya mashine ya Shija ilikaa siku tatu imeegemezwa ukutani, kwa sababu bila kinga mashine huoshwa haraka. Niliiona hiyo pia. Siku ya tisini na nane, saa nne asubuhi, mashine ikamkamata.

Kwenye fomu ya taarifa nikajaza: ajali nje ya kazi. Mhusika alikuwa mapumzikoni, alijikata akichanja kuni nyumbani kwake. Nikabadilisha na ratiba ya zamu ifanane. Hakuna aliyenilazimisha. Meneja alisema tu, "Mtaalamu ni wewe." Nyama yenyewe siitaki, nina gauti. Nilitaka kuandika mia.

Kuna jambo la shati. Hilo padri hakulisikia. Bado sijaweza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Neema. Nilidhani atalia. Kauliza, "Baba, huyo ng'ombe mlimla wangapi? Mbona wewe ndiye unataka kuzikwa naye?"

Nimesema nitaandika maelezo na kuyapeleka ofisi ya fidia mimi mwenyewe. Kasema watu watanisema kanisani. Nikamwambia wakati huo nitakuwa nimelala mbele ndani ya sanduku, sisikii. Kaondoka na sahani kabla sijamaliza kula.

Maelezo yamenichukua siku nzima. Kurasa mbili. Mkono unatetemeka kama wa mlevi.

Jumapili, 9 Machi

Shija kaja baada ya misa. Anauza viatu vya mitumba Mabatini. Kamba mteja hufunga mwenyewe, anasema, kwa hiyo wengi anawashauri ndala. Alicheka peke yake.

"Shikamoo, Bwana Usalama." Ndilo jina walilonipa kiwandani. Sikuwahi kulipenda, leo limenichoma.

Nikampa kurasa mbili. Akasoma polepole, kisha akasema, "Shati halimo."

Basi naliandika. Baada ya kumfunga mkono kwa taulo, sikumpeleka moja kwa moja kwenye gari. Nilimvua ovaroli nyeupe na buti, ili hospitali wasijue katoka kiwandani. Nikamvalisha shati lake la nyumbani. Nikafunga vifungo, kimoja kimoja, mpaka shingoni. Damu inachuruzika sakafuni, mimi nafunga vifungo. Shija ndiye aliyekuwa anajibu kwa sauti kubwa kuliko wote nilipowafundisha maneno haya: vifaa kinga, ulemavu wa kudumu, mtegemezi, ajali kazini. Nilipofika kifungo cha tatu akaniuliza, "Afisa, hii si ndiyo ile ajali kazini?" Nikamwambia anyamaze, asipoteze nguvu.

Miaka yote nimejificha nyuma ya sentensi yake moja. Kwenye gari alisema, ng'ombe asikose. Leo nikamkumbusha.

"Nilisema," akajibu. "Ulishanifunga mpaka shingoni, mzee. Ningesema nini kingine?"

Nikaanza kulia. Akanitazama kama mtu anayesubiri chenji.

"Machozi baki nayo. Mimi nataka karatasi. Ongeza shati."

Afadhali mtu mmoja mwenye akili.

Jumatano, 12 Machi

Ofisi ya fidia. Mimi na Shija, saa mbili nzima za foleni kwenye benchi lisilo na egemeo. Wameandika ukutani kwamba wazee wanapewa kipaumbele. Wazee tulikuwa tisa.

Dada wa dirishani ana adabu mpaka inachosha. "Shikamoo babu. Pole babu. Kaa babu." Akasoma maelezo, akafungua jalada, akaweka karatasi yangu kando ya ile fomu ya zamani. Akatazama huku, akatazama kule.

"Babu, saini hazifanani."

Kweli hazifanani. Ya kwenye fomu imenyooka, ina mkia mzuri. Ya juzi ni kama kuku kaparua. Uongo wangu una saini safi, ukweli wangu unaonekana wa kughushi.

Shija akainama dirishani. "Dada, hivi mtu anaghushi ili ajishtaki mwenyewe?"

"Wapo," akasema yule dada.

Suluhisho lake: hati ya kiapo mbele ya wakili, dole gumba, picha mbili. Mwapaji awe na akili timamu. Nikauliza, na awe hai? Akasema, "Ndiyo babu, na hilo pia." Hakutania.

Alhamisi, 13 Machi

Sikuinuka. Maji kwenye mapafu. Daktari kaja, kamnong'oneza Neema mlangoni kwamba ni wiki chache, kama vile uziwi ni sehemu ya ugonjwa wangu.

Wakili kasafiri Geita. Anarudi Jumatatu. Basi na huu mwili usubiri Jumatatu. Haujawahi kunisikiliza, lakini kwa hili usikie.

Jumamosi, 15 Machi

Neema kasema nikilazimisha kwenda nitafia njiani. Nimemwambia nikifia kitandani kabla ya kuapa, fomu ile itabaki kuwa neno langu la mwisho. Akaenda kuwasha pasi.

Nimekula vijiko vitatu vya uji.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeapa.

Niandike kwa mpangilio. Asubuhi Neema kaacha shati jeupe kitini, limepigwa pasi, akatoka kutafuta bajaji. Nikalivaa. Vifungo vikanishinda. Vidole vinacheza, kifungo kinateleza, tundu halionekani. Shija akanikuta hivyo, kifua wazi, nahema, nimekasirika karibu nitukane.

Akapiga goti mbele yangu. Kwa mkono wa kushoto akaanza kunifunga, kutoka chini kwenda juu. Mkono wa kulia, ule wenye dole gumba tu, akaukandamiza kwenye shati lisisogee. Ilichukua muda mrefu. Kimoja alikosea tundu, shati likapanda upande. Nikaliacha vilevile.

Ofisi ya wakili iko ghorofani, karibu na stendi ya Buzuruga. Ngazi kumi na nane. Nani huyu anaweka viapo vya wagonjwa ghorofani? Shija kanibeba mgongoni. "Umekwisha, Bwana Usalama. Kreti ya barafu ilikuwa nzito kuliko wewe." Neema nyuma yetu na mkongojo, akisema taratibu, taratibu.

Wakili akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye shati akasita. "Hili ni la lazima, mzee?"

Nikatazama chini, kwenye kile kifungo kilichokosewa.

"Ni la lazima."

Dole gumba kwenye wino. Mhuri. Shija akaibana bahasha chini ya kwapa, akaipeleka ofisini siku hiyohiyo. Saa nane akapiga simu: imepokelewa. Nikalala na viatu miguuni.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Vidonge nane sasa.

Shija kapita. Jalada limerekebishwa: ajali kazini. Kaitwa kwa daktari wa tathmini, kaambiwa anyooshe mikono yote miwili. Kanionyesha alivyoinyoosha. Uamuzi bado. Neema kamkaribisha chai, na yeye mwenyewe kaketi. Wameongea habari za viatu.

Hakuniambia amenisamehe. Sikuuliza.

Nimekuwa nikiiwazia ile namba. Asubuhi iliyofuata niliandika tisini na tisa, na kesho yake mia, kwa mwandiko mzuri kabisa. Watu walipiga vigelegele. Ilinipasa nifute, niandike sifuri.

Naiandika hapa. Imepinda kidogo.

0

Neema analeta uji.