Mgongo Haujakauka

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini mguu wako umepata nafuu. Uniwie radhi kwa kimya cha miezi kumi na minne, tangu nilipokutoa nyumbani kwangu.

Nilikosea. Kuwashwa kulikonifanya nikushuku kuwa umeniambukiza upele hakukukoma ulipoondoka. Baadaye yalitokea malengelenge, yametuna maji, magumu kama vifungo vya koti. Daktari wa ngozi alikata vipande viwili: kimoja penye lengelenge, kimoja pembeni, penye ngozi nzima. Nikamwambia amekata pasipougua. Akajibu, "Mwalimu, hicho kizima ndicho kitakachosema."

Kimesema. Kinga ya mwili wangu inaishambulia ngozi yangu yenyewe. Ugonjwa huu hauambukizi. Hukuniletea kitu. Nilipoambiwa sikuhisi furaha wala aibu. Nilivaa shati, nikarudi nyumbani na marhamu ya kujipaka.

Godoro lako nililichoma bure.

Kaka yako

29 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mguu bado unalalamika nikikanyaga cherehani. Pole kwa maradhi.

Godoro nilinunua jingine. Lakini ile dawa ya salfa uliyonipa, nilijipaka siku saba nzima, nikijua sina upele. Nilidhani ukinisikia nanuka utaniacha nikae. Wateja wakaniita Bwana Kiberiti. Haya, sasa zamu yako ya kupakwa.

Mgongoni anakupaka nani?

Mdogo wako, fundi

11 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Barua yako imefika, na swali lako ni la haki.

Hakuna anayenipaka. Marhamu ni ya mwili mzima, asubuhi na jioni. Nimefunga kitambaa kwenye ile rula ndefu ya ubaoni. Hufika mabegani tu. Kifua kimekauka. Mgongo haujakauka, na shati hung'ang'ania vidonda. Daktari amesema hali ikiwa hivi tarehe 30, atanipa vidonge, navyo vitanipandishia sukari, ambayo tayari iko juu.

Chumba chako nimekifagia. Siombi. Nakuarifu.

Kaka yako

20 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nimekusoma mara mbili. "Siombi," umesema. Hujabadilika, mwalimu.

Mkono wa kukupaka ninao. Ila nikiukumbuka moshi wa lile godoro, na wewe umesimama pembeni na fimbo ukiligeuza, mkono unakuwa mzito. Sijaamua. Tarehe 30 naijua.

Usitumie tena rula, utajichubua. Lala kifudifudi, mgongo upate hewa. Nikishaamua, nitakuandikia.

Mdogo wako