Treni Isiyosimama Kamina

Yaya Ngoie, dada yangu,

Mungaliko wazima huko Lubumbashi? Minyi niko salama, tena nimenenepa. Wiki mbili treni haijapita, vita imefunga njia, kwa hiyo nalala hapa Kamina kwa shefu wa gare, mkuu wa stesheni, na mke wake.

Juzi, jua limezama tu, mama, mke wa shefu, alikuwa anakaanga samaki wa Bukama. Nyota moja ikaanza kutembea angani. "Ndege ya vita!" mama akalia. Akamwaga maji kwenye mbabula, jiko lake la mkaa, makala yote yakazima, tukalala chini. Nami mwalimu wa fizikia nikalala nao! Kisha nikacheka, maana haikuwa na sauti. Ilikuwa satelite.

"Nani anatia makala mule?" shefu akauliza.

"Hakuna muntu. Inaanguka tu. Ukirusha jiwe, linaanguka karibu. Ukilirusha kwa nguvu kupita zote, dunia inajipinda chini yake, halipati pa kuangukia."

Shefu akafungua rejista yake ya treni, akaandika saa, na maneno haya: "Imepita. Haikusimama." Tukala samaki nusu mbichi.

Jana shefu akaingoja, saa mkononi. Ikatokea mapema. "Iko mbele ya saa!" akapiga makofi. "Hii njo treni ya kweli!" Mama hakuinua hata kichwa, aligeuza samaki wake.

Kutoka hapa inaelekea kwenu, inafika baada ya dakika moja tu. Ukiiona, yaya, usizime mbabula. Ujue nimetoka kuitazama sasa hivi.

Nikumbatilie watoto.

Mdogo wako,
Ilunga