Mfano Wangu wa Kiingereza

Ilomba, Jumanne, Juni 1954

Na kuezeka kwenyewe sijui.

Jana kwenye darasa la jioni kanisani, Mwalimu Ambakisye alitufundisha neno "undertake". Alisema ni la mtu anayejitwika kazi na kuahidi ataimaliza. Kila mmoja akatunga sentensi. Mimi nikasimama nikasema kwa Kiingereza kwamba najitwika kuezeka kanisa hili upya.

Kumbe wazee wa kanisa walikuwa wamekaa nyuma wakisubiri kikao chao. Mzee Asegelile akaomba atafsiriwe. Alipoelewa, wote wakapiga makofi taratibu, kama tunavyoshukuru huku. Na neno likishapigiwa makofi, halirudishwi.

"Baba, ule ulikuwa mfano tu," nikamwambia.

"Mfano mzuri, mwanangu. Tumeupokea."

Leo asubuhi nimekuta mizigo ya nyasi mlangoni. Mke wangu anauliza kama Kiingereza hakina neno la kukataa.

Nikaenda kwa mwalimu ili anitetee kwa wazee. Nilimkuta nyuma ya kanisa, ndani ya shimo, udongo hadi kwenye nyusi, anachimba kisima.

Nilikuwa nimesahau. Mfano wa kwanza aliutoa yeye.