Kaka, Usibane Tena Mpaka Igote

Woolwich,
London SE18
4 Mei 2003

Mpendwa Kaka Ambilikile,

Shikamoo kaka. Hujambo wewe, shemeji Beatha na watoto? Mguu wa mama umepungua maumivu? Mimi huku mwili mzima, ila moyo si mzima hata kidogo. Kabla sijaendelea nakuomba: kama bunduki ya marehemu baba iko karibu nawe, iweke mbali kwanza ndipo usome.

Nimepiga simu ya Beatha siku tisa, haipatikani. Najua hapo kwetu hakuna mtandao mpaka mtu ashuke mjini. Mahindi yanakaribia kukomaa, nguruwe pori watakuwa wameanza kuingia shambani, na wewe nakufahamu, hungoji kuambiwa mara mbili.

Unamkumbuka Lawrence kwenye barua zangu, yule mzee Mwingereza ninayefua naye mashuka ya hospitali. Anakwenda klabu ya shabaha na bunduki ya zamani kama ya baba, na maganda yaliyokwisha kupigwa tulikuwa tukiyajaza upya jikoni kwake. Jumamosi ya kuamkia Pasaka ganda lilikatika vipande viwili ndani ya bunduki. Moto na vipande vya shaba vikamrudia usoni. Jicho la kulia limetolewa, la kushoto madaktari hawajasema.

Fundi wa klabu alinieleza polepole, nami nakueleza wewe. Ganda la risasi yetu lina ukingo kwenye kitako, na ukingo huo ndio unaolishikilia ndani ya bunduki. Mbele, kwenye bega, pale ganda linapopungua kuelekea shingoni, inabaki nafasi. Ukifyatua, ganda linavutika kuijaza nafasi ile, na ukuta wake unakonda juu kidogo ya kitako. Ukilibana lote kwenye kalibu, kile chuma cha kurudishia ganda umbo kabla ya kulijaza, bega linarudi nyuma, nafasi inarudi, na safari ijayo linavutika tena pale pale. Mara ya nne au ya tano linakatika.

Na mimi nilikuandikia nini, kaka? Placida alipokuwa akirudi nyumbani nikampa ile kalibu na yale maganda arobaini akuletee, niliweka na karatasi: "Bana mpaka igote, litoke kama jipya." Ndivyo tulivyolelewa, kila kitu kitoke kama kipya. Lawrence alikuwa akiniambia nisilisukume bega, nami nikaona ni uvivu wa kizee. Ganda lililompasukia nililibana mimi. Yeye anadhani alilibana mwenyewe, na nimekwenda wodini mara tatu nikashindwa kufungua mdomo. Naona aibu, kaka.

Sasa sikia. Yale arobaini yalishapigwa huku mara tatu, na yote niliyabana hivyo hivyo. Usiyajaze, yafukie. Yale ya kwako mwenyewe bana shingo tu, bega liache lilivyo, na yapigwe kwa bunduki hiyo hiyo tu. Kabla ya kujaza, chukua waya, upinde ncha, uipitishe ndani karibu na kitako. Ikikwama kama kwenye mfereji, tupa. Usibishane na waya kama unavyobishana na mimi. Nguruwe wakila mahindi mwaka huu, na wale, ndizi zipo.

Nisalimie mama, baba mdogo Cosmas na dada Teresia. Watoto wabusu wote. Mungu aushike mkono wako mpaka barua hii ifike.

Ukiisoma mwenyewe, kwa macho yako, shuka Tukuyu unibipu. Mlio mmoja tu, nitaelewa. Kama ni shemeji anayekusomea, basi nimechelewa.

Mdogo wako akupendaye,
Lusekelo