Serumu kwa Aliyekwisha Kufa

Jumatatu, 9 Machi

Glavu jozi nne. Bendeji. Chupa mbili za serumu, maji ya mshipani. Nilikuwa napanga begi huku Shabani akipiga honi ya pikipiki ya wagonjwa, kana kwamba mimi ni mzigo wake. Simpendi.

Saa nne shimo la dhahabu lilikuwa limeporomoka. Tulipofika, wachimbaji wakamtoa Ramazani, kijana wa hapa hapa Salamabila. Hapumui. Shingoni hakuna mapigo. Nilimkandamiza kifua mpaka mikono ikafa ganzi. Basi. Nikamfumba macho.

Shabani akaniinamia sikioni: "Umufumbue macho. Umutie serumu. Bakijua amekufa, batachoma pikipiki pamoja na siye."

Nikatia. Mimi, na diploma yangu ya uuguzi kutoka Kasongo. Nikadunga sindano mkono wa maiti, nikainua chupa, nikapaza sauti: pisheni, mgonjwa!

Mama yake alikimbia nyuma yetu njia nzima.

Jumanne, 10 Machi

Jana mkuu wa kituo cha afya alimficha Ramazani nyuma ya pazia mpaka saa tisa, eti anatibiwa. Leo nimeambiwa mama alifanya nini wakati huo. Alirudi nyumbani kumpikia uji. Aliuleta ungali moto. Ndipo akaambiwa.

Fishi, karatasi ya kifo, inasema: amefariki kituoni, saa tisa. Wanataka sahihi yangu. Nimekataa. "Dada, masomo yatakuua," mkuu akasema. Shabani akacheka. Namchukia hata anavyotafuna.

Jumatano, 11 Machi

Wajomba zake wamekuja. Waliomwosha jana walikuta taya limekaza, mdomo wazi. Haukufungika. Amezikwa hivyo, kama mtu anayepiga kelele.

Bendeji moja tu ingetosha. Kuzungusha kidevuni, kufunga utosini. Nilikuwa nayo begini.

"Muganga, alikufa saa ngapi?" mjomba mkubwa akaniuliza mimi. Mkuu akadakia: saa tisa. Nikanyamaza.

Mwoga.

Alhamisi, 12 Machi

Tulifundishwa. Acha kukandamiza. Sema wazi kwamba amekufa. Fumba macho, funga taya, funika, ita ndugu. Mwalimu hakutuambia habari ya wanaume hamsini wenye sururu waliokuzunguka.

Si udhuru. Sijala.

Ijumaa, 13 Machi

Nimekwenda kwao peke yangu. Mama yake alikuwa mkekani, wanawake wamemzunguka. Nikasema yote: alikufa shimoni, nilijua, nikaficha.

Wakanirukia. "Mushenzi! Unachezea maiti ya batu!" Mmoja akanimwagia maji ya vyombo. Sikujifuta.

Mama akainua mkono, wakatulia.

"Nilimwita njia yote. Alikuwa ananisikia?"

"Hapana, mama. Alikuwa amekwisha kufa."

Hakunisamehe, wala sikuomba.

"Kumbe hakukataa kuniitika."

Akajilaza, akageukia ukuta. Nikavaa viatu vyangu mlangoni, nikaondoka.