Kiti Kipya cha Pikipiki Yako, Baba Ngoie

Mpendwa Baba Ngoie,

Leo tena nimepika bukari ya watu watano, na sisi tumebaki wanne. Nimeifunika sahani yako, nikaenda kuanika nguo. Sijalia tangu tulipokuzika. Dada zako wananitazama kwa jicho la pembeni, wanaulizana mjane gani huyu mwenye macho makavu. Waache waulizane. Nimekufa ganzi, sina neno jingine.

Unazikumbuka Jumapili zako za Lukafu? Wiki nzima uko kwenye tanuru la shaba, halafu siku ya kupumzika unapanda pikipiki kwenda shambani kwetu kuleta mahindi. Barabara yote mashimo, na kiti chenyewe kigumu kama benchi la kanisa. Ulikuwa ukifika nyumbani unashuka kwa kushika ukuta. Nilikukanda kwa kitambaa cha maji ya moto, nawe ukawa unasema tu, "Haiko kitu, mama." Siri ya mtungi aijuaye kata. Wenzako kazini walikuona mtu wa chuma. Mimi nilijua ulivyokuwa unalala kwa ubavu mmoja.

Basi siku moja, lori la kampuni lilipokwisha kukuchukua kwenda kazini, niliisukuma pikipiki mpaka Naviundu, kwa yule fundi anayeshona viti vya fotei vya sebuleni. Nilimwambia atengeneze kiti kipya, aweke sponji nene, kisha aongeze nyingine juu yake. Akaniuliza, "Mama, bwana yako iko murefu namna gani?"

Baba Ngoie, wewe ulikuwa unanifikia begani. Nyumbani tulicheka wote wawili. Ulikuwa ukiniita mnara wako. Lakini mke hatangazi ufupi wa mumewe mbele ya mwanaume mwingine. Mama yangu alinilea hivyo. Nikajibu bila kupepesa macho, "Tuko sawasawa." Fundi akanipima mimi kwa macho, akashona.

Jioni ile ulikizunguka kiti mara mbili, ukakibonyeza kwa ngumi, ukacheka kama mtoto. Ulipokikalia, niliona visigino vyako vinaning'inia, vidole tu ndivyo vinagusa chini. Niliona. Nikauliza, "Iko muzuri?" Ukasema, "Iko muzuri sana, mama. Kama kiti ya patron ya kampuni." Nikafurahi, nikaingia ndani kuandaa chakula.

Mtu wa mtaa wa Annexe, aliyekuwa nyuma yako Jumapili ile ya mwisho na baiskeli yake ya makaa, ndiye aliyetueleza. Mvua ilikuwa imenyesha. Ulikuwa na magunia mawili ya mahindi. Ulisimama ili lori lipite, ukashusha mguu, na mguu haukuipata ardhi. Pikipiki ikalala upande wa lori. Alisema hukupiga hata kelele. Nilimshukuru, nikampa maji ya kunywa.

Sasa mdogo wako anaitaka pikipiki, naye ni mfupi kama wewe. Nikamwambia asubiri. Jana niliirudisha kwa fundi ili afunge kile kiti cha zamani. Sikumweleza sababu. Alipokuwa anafungua skrubu, alisema mwenyewe, bila kuniangalia:

"Mama, bwana yako alikuyaka hapa, yeye moya, siku ya salongo, usafi ya mutaa, bantu bote bako banafyeka majani. Alinilombaka nipunguze kiti. Nilishika kisu, nikate nyuzi. Akasema, 'Acha kwanza. Bibi yangu atakasirika. Nitazobelea.'"

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikisukuma pikipiki, na watu njiani walinisalimu nami nikawaitikia vizuri. Kumbe ulijua, ukasema utazoea. Mimi nilinyamaza nikilinda heshima yako, nawe ukanyamaza ukilinda moyo wangu. Kila mmoja alimstahi mwenzake, na hakuna aliyesema neno moja la maana. Nakupenda, na nimekukasirikia, na vyote viwili navisikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Ungeniambia tu, baba. Ni kweli, ningenuna. Ningenuna siku mbili. Siku ya tatu ningekupikia sombe, nawe ungekuwepo kuila.

Pumzika huko ulipo. Watoto nitawalea.

Ni mimi mke wako,
Mama Ngoie